Kundi la Pili la Bata

Studio ilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Mbele kulikuwa na meza ya kupokelea wateja, printa, na kioo cha ukutani chenye kitana kilichofungwa kwa uzi ili kisitembee. Nyuma ya pazia kulikuwa na kigoda, taa mbili zenye miavuli myeupe, na shuka la buluu la picha za vitambulisho. Mwenye studio alikuwa mwanamume mwembamba wa miaka hamsini na kitu, na mtaa mzima ulimwita Tulia. Jina hilo alijipa mwenyewe bila kukusudia, kwa kuwa nusu ya maisha yake alikuwa akiwaambia watu maneno yale yale: tulia, hapo hapo, usipumue. Watoto wakimwona barabarani walisimama wima kama nguzo, wakabana pumzi mpaka apite, kisha wakaangua kicheko. Yeye hakukasirika. Aliwahurumia tu wale wadogo waliobana pumzi kweli kweli.

Alikuwa mtu wa kupanga vitu. Kadi za kamera alizitunza ndani ya kijikoba cha ngozi, na alikuwa na utaratibu wake: kadi ambayo picha zake zimeshahamishiwa kwenye kompyuta aliilaza kifudifudi, na ambayo bado aliilaza chali. Mkewe, ambaye ndiye aliyepokea wateja na kukata picha kwa mkasi, aliwahi kusema kwamba siku mumewe akifa, watu itabidi waulizane kwanza kama ameshahamishwa, ndipo wajue wamlaze vipi.

Jambo moja tu maishani mwake halikuwa na utaratibu, nalo ni bata.

Nje ya mji palikuwa na mabwawa ya majitaka, yaliyochimbwa yakafuatana kama vidato vya ngazi. Maji ya mji yaliingia bwawa la juu yakiwa hayasemeki, yakashuka taratibu, yakafika bwawa la chini yakiwa karibu kung'aa. Hilo la chini ndilo walilolipenda bata mwitu. Si hawa wa kufugwa wanaotembea wakiyumba kama wamebeba ndoo. Hawa ni wa porini, wenye shingo ndefu na sauti za miluzi, wanaokuja majira yao na kuondoka bila kuaga mtu. Kila Jumapili, kabla jua halijatoka, Tulia alikuwa getini, na mlinzi wa mabwawa alimfungulia huku akipiga miayo. Siku za mwanzo mlinzi alidhani ametumwa na serikali kuwahesabu. Alipoambiwa kuwa jamaa anawapiga picha tu, tena wakiwa wanaruka, alimtazama kuanzia juu hadi chini, akamwuliza kwa nini asiwapige wakiwa wamekaa, kama watu wengine anaowapiga.

Bata aliyekaa majini hakumsumbua moyo. Alimtaka yule anayeinuka. Alikuwa amejifunza, kwa kukosea sana, kwamba bata huruka wakiuelekea upepo, kwa hiyo mpigaji asimame upepo ukiwa mgongoni ili wamjie usoni. Alijifunza kuwafuata kwa kuzungusha kiuno badala ya mikono, na kuacha macho yote mawili wazi. Lakini alichokitaka hasa hakikuwa cha kujifunza. Alitaka jua likiwa chini kabisa, mwanga upenye chini ya mbawa, kila unyoya uonekane peke yake, na matone ya maji yakiwa bado yananing'inia miguuni. Mwanga huo haudumu, na bata hawaulizwi saa ya kuruka. Kwa miaka mingi alikuwa na picha za mikia, picha za mbawa zilizokatika pembeni, na picha nyingi za mawingu ambayo bata walikuwa wametoka tu kuyapita. Mkewe alisema bata wa mumewe ni kama wageni waliosikia kuna kazi jikoni, unaona migongo tu.

Sasa Tulia alikuwa na dada yake mkubwa. Mama yao alifariki mapema, na dada ndiye aliyemfundisha kufunga kamba za viatu, kupenga kamasi kwa adabu, na kusema asante hata kwa asichokipenda. Dada aliolewa, akazaa mabinti wawili, akafiwa na mume, akakaa mjane miaka mingi bila kulalamika mbele ya watu. Kisha, nywele zikiwa zimeshakuwa nyeupe, akatangaza kuwa anaolewa. Bwana harusi alikuwa dereva mstaafu wa lori, mgane, mwenye mikono mikubwa na maneno machache.

Nyumba iliwaka moto. Binti mdogo alilia siku nzima, kisha akazoea. Binti mkubwa, muuguzi wa hospitali, hakulia. Alisema tu kwamba siku hiyo hatakanyaga, na tangu hapo alimwita yule mzee "dereva", kana kwamba hakuwa na jina. Alimwuliza mama yake kwa umri huo anatafuta nini.

"Mtu wa kuzima taa nikishasinzia," mama alimjibu.

Wiki moja kabla ya harusi, dada alikuja studio, akapita pazia, akakaa kwenye kigoda cha wateja. Tulia akadhani anataka picha ya kitambulisho, akawasha taa. Dada akamwambia azime, macho yanamuuma.

"Harusi yangu ya kwanza sikupigwa hata picha moja," alisema. "Hii sitaki mapambo wala albamu. Nataka moja tu. Wanangu wote wawili wakija, wakasimama na yule mzee, nipigie hiyo. Huyu mkubwa asipokuja, basi, usijisumbue. Njoo ule."

"Atakuja, Dada."

"Usinifariji, mdogo wangu. We nipigie picha."

Ndoa ilifungwa Jumamosi, katika ofisi ya msajili, kwenye chumba chenye feni iliyolia kama mtu anayekwangua sufuria. Binti mdogo alikuja na mumewe na watoto. Binti mkubwa hakuonekana. Dada alitia saini bila kutazama mlangoni, na Tulia, aliyemfahamu vizuri, aliona jinsi anavyojitahidi kutotazama. Alipiga picha za saini, za mashahidi, za mikono. Alikuwa amepiga picha tangu asubuhi, nyumbani kwa dada, na kamera ilikuwa ya moto mikononi mwake.

Watu wakatoka, wakasimama kwenye ngazi za mbele. Hapo ndipo binti mkubwa alipovuka barabara. Alikuwa ametoka zamu ya usiku, sare ya kazi imefunikwa kwa sweta, macho mekundu. Alimsalimia mjomba wake, akambusu mama yake shavuni, kisha akasimama mbele ya dereva. Mzee alikuwa amevaa tai, pengine kwa mara ya kwanza tangu ujana, na alikuwa ameifunga mwenyewe. Fundo lilikuwa limekwenda upande, na ncha ya chini ilikuwa imeipita ya juu. Muuguzi aliitazama ile tai. Akashusha pumzi kwa puani, kama anavyofanya muuguzi akikuta bandeji iliyofungwa ovyo na mwenzake. Akainua mikono, akalifungua fundo, akalifunga upya, akalisukuma mpaka kooni, akampiga mzee kifuani kofi jepesi.

"Haya sasa," alisema.

Tulia alikuwa ameshabonyeza. Aliangalia kwenye kioo cha kamera. Ilikuwepo yote: mikono ya binti kwenye fundo, dereva ameinua kidevu kama mtoto anayefutwa uso, binti mdogo nyuma yao anacheka huku analia, na dada pembeni, mdomo wazi, kiganja kimoja hewani, kama mtu anayeogopa kumgusa ndege asije akaruka. Dada alimjia akamwuliza chini chini kama ameipata.

"Nimeipata," alisema, na hapo alikuwa anasema kweli.

Walikula nyumbani kwa dada, wakakaa uani mpaka jua likaanza kuzama. Tulia aliendelea kubonyeza hapa na pale bila lengo, kama mtu anayemaliza mazungumzo. Alifika kwake miguu ikiwaka moto. Kijikoba cha kadi kilikuwa kimebaki studio. Alijiambia kuwa atahamisha picha kesho, akaiacha kadi ndani ya kamera, akalala na soksi.

Asubuhi ilikuwa Jumapili, na miguu yake ilijua njia. Upepo ulikuwa mzuri. Mbingu ilikuwa imefagiwa. Alisimama ukingoni mwa bwawa la chini, akainua kamera, na kamera ikamwandikia kuwa kadi imejaa. Akapapasa mfuko. Kijikoba hakipo. Akawaza kuwa walioijaza ni bata wa Jumapili iliyopita, aliokwisha kuwahamisha. Kwenye maji shingo zilikuwa zimeanza kuinuka, dalili kwamba wanataka kuruka. Vidole vyake vikaenda vyenyewe kwenye kufuta kadi nzima. Kamera ikamwuliza kama ana uhakika. Akaijibu kuwa anao.

Na bata wakaruka.

Walikuja moja kwa moja usoni pake, jua likiwa limekaa juu ya ukingo wa pili, na mwanga ukapita chini ya mbawa kama taa inayowashwa ndani ya hema. Aliwafuata kwa kiuno, kidole hakikutoka kwenye kitufe. Walipompita, akashusha kamera. Akaangalia kioo, na ile picha ilikuwepo: bata kadhaa wakiwa wamepangana hewani kwa mshazari, kila unyoya peke yake, matone yakining'inia miguuni kama shanga zilizokatika uzi. Alicheka peke yake. Akasogeza nyuma ili aone picha ya kabla, na ya kabla ya hiyo, mpaka akafika kwenye bata wa kwanza. Akasogeza tena. Nyuma ya bata wa kwanza hapakuwa na kitu.

Hapo ndipo alipokumbuka ngazi. Akaiona tai.

Lililofuata lazima lielezwe sawasawa, maana habari yote iko hapo. Mpigapicha yeyote anajua kwamba picha zilizofutwa hazijaondoka mara moja. Zimo bado ndani ya kadi, kama maandishi ya chaki yaliyopanguswa kwa kiganja, na fundi mzuri anaweza kuzirudisha, mradi tu hakuna kitu kilichoandikwa juu yake. Ukifuta kwa bahati mbaya, unaacha kupiga papo hapo, unatoa kadi, unaipeleka kwa fundi. Tulia mwenyewe alikuwa amewaambia hivyo wateja wengi, kwa sauti ya upole ya mtu ambaye hayajamkuta. Akaweka kidole gumba juu ya kifuniko cha kadi.

Kutoka upande wa matete kikasikika kimluzi, kisha vingine vingi. Kundi la pili lilikuwa linainuka, kubwa kuliko la kwanza, na lile jua bado lilikuwa chini.

Hakusahau. Siku zote baadaye alijaribu kujishawishi kwamba alikuwa amechanganyikiwa, na kila alipojaribu alikutana na kile kidole gumba juu ya kile kifuniko. Alijua dada yake yumo mle ndani. Alijua kila atakapobonyeza atakuwa anaandika juu ya watu. Aliwaza neno moja: kidogo. Kisha kidole gumba kikatoka kwenye kifuniko, na akapiga, na kupiga, mpaka bata wa mwisho akawa nukta.

Aibu haikumsubiri afike nyumbani. Mlinzi alimfungulia geti akamwuliza kama leo wamekubali. Tulia alijibu wamekubali, kwa sauti iliyomfanya mlinzi amwulize kama anaumwa.

Fundi wa kompyuta alikuwa mama mmoja mnene mwenye miwani ya kamba, aliyekaa katika kiduka chembamba kiasi kwamba mteja alibaki mlangoni. Aliichomeka kadi Jumatatu asubuhi, akaiacha mashine itafute, akamenya chungwa. Baadaye akaigeuza kompyuta ili Tulia aone.

"Kadi inaandika kuanzia mwanzo kwenda mwisho," alimweleza, akifuta vidole. "Umeona? Hizi za nyumbani asubuhi, bata. Kutia saini, bata. Kila bata uliyempiga amekaa juu ya mtu."

Picha za ngazi nazo zilikuwa bata. Zilizosalia ni zile za mwishoni tu, zile za uani alizopiga bila lengo. Fundi akasogeza miwani, akamwonyesha kwa kisu cha chungwa kuwa bata walikuja mara mbili. Wa kwanza wameishia kwenye kutia saini. Hapa katikati, kwa saa za picha, pana pengo, kama vile mpigaji alikaa kidogo bila kupiga. Ndipo wakaja wa pili, wakafunika ngazi zote.

"Ungeishia kwa hawa wa kwanza, ngazi ningekutolea zote," alisema. "Hapa katikati ulipumzika?"

"Nilipumzika," alisema Tulia.

Akaomba awaone wale wa pili kwa ukubwa. Hapakuwa hata na mmoja aliyetoka vizuri. Wote walikuwa wametikisika, mistari ya kijivu juu ya mbingu. Kiuno kilikuwa kimewafuata, lakini mikono ilikuwa imetetemeka.

Basi akaanza kudanganya, na kwa kuwa hakuwa na mazoezi, alidanganya vibaya. Dada alipopiga simu kuulizia picha yake, alisema wino haujafika. Alipopiga tena, alisema printa imeharibika, inatoa michirizi. Dada akasema hamna shida, hana haraka, amesubiri mume miaka yote hiyo atashindwa kusubiri printa? Kicheko cha dada kwenye simu kilimchoma kuliko ambavyo tusi lingemchoma. Tulia hakumwambia mkewe kitu. Alikaa studio akiwaambia wateja watulie, na yeye mwenyewe hakutulia hata alipokaa.

Mkewe naye alikuwa na siri yake, njema kabisa. Alikuwa ameikuta ile picha ya bata kwenye kompyuta. Miaka yote alikuwa akiwacheka bata hao, lakini safari hii alikaa mbele yake akanyamaza. Aliona kwamba mumewe ameipata, baada ya alfajiri zote zile. Bila kumwambia, aliitoa kubwa, akapeleka kwa seremala ikatiwa fremu na kioo, akaibeba mwenyewe mpaka kwa wifi yake kama zawadi ya ndoa kutoka kwa mdogo wake. Wifi alipoisifu kwa kutoka vizuri namna ile, mkewe alimwambia kwa fahari kwamba wameitoa pale pale studio, kwa printa yao wenyewe, haijawahi kuwasumbua hata siku moja.

Tulia alilijua hilo Jumapili walipoalikwa kula. Aliingia sebuleni kwa dada yake, akainua macho, akawakuta bata juu ya kochi. Shemeji yake dereva alikuwa amesimama chini ya fremu kama mlinzi wa benki. Alisema katika safari zake zote, mchana na usiku, hajawahi kuona kitu kama hiki, na kwamba kila mgeni anayeingia lazima amsimamishe hapa kwanza kabla hajampa kiti. Akamshika Tulia mkono kwa mikono yake miwili. "Shemeji, una jicho," alisema. Tulia alitamani sakafu imfungukie.

Dada aliweka glasi mezani, moja moja.

"Printa imepona?" aliuliza, bila kumtazama.

Mke wa Tulia alicheka, akauliza printa ipi. Dada akasema ah, si kitu, akamwomba wifi yake amwangalizie chungu jikoni, na akamtuma mumewe akanunue barafu. Mzee aliona barafu ipo, lakini alikuwa ameshaoa mara mbili, akachukua kofia akatoka.

Tulia akamwambia, akiwa amesimama. Alimwambia kwamba kadi ilibaki kwenye kamera, kwamba alidhani ni kadi ya zamani, kwamba aliifuta kwa bahati mbaya, kwamba fundi ameshindwa. Alisema ukweli mtupu, na akaukata katikati.

Dada alikaa. Alipitisha kiganja juu ya kitambaa cha meza, akakinyoosha mahali palipokuwa pamenyooka. Kisha akasema, polepole, kwamba basi. Ni ajali. Mtu anayepiga picha za mji mzima, ipo siku itamtokea, na afadhali imemtokea kwake kuliko kwa mtu baki. Alinyoosha mkono akamshika kichwani, kama zamani alipokuwa akimpangusa vumbi kabla ya kwenda shule, akamwambia aende akanawe wale.

Tulia alitoka kwenda kunawa. Bomba lilikuwa uani. Alifungua maji, akayaangalia yakienda, akayafunga bila kunawa. Mahali pale dada alipomshika kichwani palikuwa kama pamebandikwa kitu kisicho chake. Amesamehewa, lakini amesamehewa mtu mwingine, mtu wa bahati mbaya, ambaye hakuweka kidole juu ya kifuniko. Akiondoka hivi, atakuja hapa miaka na miaka, atakaa chini ya bata hawa, atakula, na kila siku atakuwa anaiba kidogo. Akarudi ndani mikono ikiwa mikavu.

Akamwambia lililobaki. Safari hii hakulikata. Alimwambia habari ya kundi la kwanza, ya kusogeza nyuma akakuta hakuna kitu, ya kidole gumba. Alimwambia habari ya kundi la pili.

"Kwa hiyo ulikumbuka," alisema dada.

"Nilikumbuka."

"Ukajua sisi tumo mle."

"Nilijua."

"Na mwanangu na ile tai."

"Ndiyo."

"Ukapiga."

"Nikapiga, Dada."

Dada aligeuka akaitazama fremu. Jikoni kulisikika mke wa Tulia akiimba, akikoroga.

"Ndio hawa?"

"Hapana. Hawa ni wa kundi la kwanza. Wa pili wametoka vibaya. Wote."

Dada aliendelea kuwatazama wale bata.

"Si bora wangetoka wazuri," alisema mwishowe.

Hakupaza sauti. Alipanda juu ya kochi, mama mzima, akaiinua ile fremu kutoka kwenye msumari, akaifuta vumbi kwa upindo wa nguo yake ingawa haikuwa na vumbi, akamkabidhi.

"Siwezi kula nikiwatazama," alisema. "Ondoka nao. Lakini usiwafiche uvunguni. Watundike dukani kwako, mbele. Watu wakikusifu, uwe unasikia."

Tulia aliishika fremu kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akatoa mfukoni picha ndogo aliyokuwa akitembea nayo tangu kwa fundi bila kujua ataitoa lini. Ilikuwa ya mwisho mwisho, ya uani. Viti vimepinduliwa juu ya meza, dada yuko pekupeku anaosha glasi kwenye beseni, na shemeji pembeni yake anazifuta kwa kitambaa, tai ameitupa begani isilowe. Dada aliipokea kwa sababu aliwekewa mkononi. Aliiangalia juu juu. Kisha akaisogeza karibu na macho, akaweka kidole shingoni mwa mumewe, pale fundo lilipokuwa bado limekaa sawa, limebana, kama lilivyofungwa pale kwenye ngazi.

"Hili ni la mwanangu," alisema.

"Ndiyo."

Dada aliingia jikoni na ile picha, na siku hiyo hakuwasindikiza mpaka getini kama kawaida yake. Shemeji alirudi na barafu inayodondoka, akakuta ukuta mtupu, akawatazama mmoja mmoja, akavua kofia. Njiani, Tulia akiwa amekumbatia fremu, mkewe alimwuliza mara moja tu kulikoni. Alimwambia yote, barabarani, watu wakipita. Mkewe akaipokea fremu upande mmoja, kwa kuwa ilikuwa nzito, wakaibeba wawili.

Aliitundika mbele, juu ya meza ya kupokelea, kama alivyoagizwa. Hakuna kitu alichowahi kutundika kilichopendwa hivyo. Waliokuja kwa picha za vitambulisho walisahau kuchana nywele. Mwalimu mmoja aliuliza inauzwa shilingi ngapi. Mzee wa duka la viatu alileta wajukuu waione. Waliuliza imepigwa na nani, na alipokiri kuwa ni yeye walimpa mkono, wakasema kumbe, wakasema miaka yote hii tunakuona tu. Kila mara alisema asante, kama alivyofundishwa na dada yake, na kila mara alisikia vizuri. Jumapili alilala hadi jua likawa juu. Bata walikuwa wameshaondoka, lakini hata wangekuwepo asingekwenda. Simu ya dada haikulia.

Siku moja mchana mpwa wake mkubwa, yule muuguzi, aliingia studio. Alihitaji picha ya kitambulisho kipya cha kazi. Alisalimia, akapita chini ya bata bila kusema neno, akaenda moja kwa moja nyuma ya pazia. Tulia alimwashia taa.

"Mama kaniambia," alisema muuguzi, akijiweka sawa kwenye kigoda.

"Yote?"

"Yote, mjomba."

Alirekebisha kola yake mwenyewe, akatazama mbele. Tulia akainua kamera. Alipaswa kumwambia atulie, lakini neno halikutoka, na muuguzi alitulia bila kuambiwa. Akabonyeza mara moja. Akaitoa kadi pale pale, mbele yake, akaenda nayo kwenye kompyuta, akaihamisha, akailaza kifudifudi. Mpwa wake aliyaangalia yote hayo akiwa ameegemea mlango, mikono kifuani. Alipokabidhiwa picha zake alizipuliza zikauke, akazitia kwenye pochi.

"Mama anasema Jumapili uje kula," alisema akiwa tayari amekanyaga kizingiti. "Kamera uiache."

Jumapili alikwenda na mkewe, mikono mitupu, asijue aiweke wapi. Mabinti wote wawili walikuwepo, na watoto, na shemeji, ambaye sasa muuguzi alimwita "baba mdogo" kwa sauti kavu kidogo, kama mtu anayejaribu kiatu. Walizungumza habari za mvua na za bei ya mafuta. Dada alimpakulia kama alivyowapakulia wengine, si zaidi wala pungufu. Ile picha ndogo ya uani ilikuwa imesimamishwa kwenye kabati la vyombo, imeegemea bakuli, bila fremu. Ukutani, juu ya kochi, msumari ulikuwa bado upo.

Alipoingia alikuwa amekwenda kukaa kwenye kochi, kama desturi yake, lakini dada alimwonyesha kiti cha upande wa pili. Basi akakaa hapo, akala, akiwa ameuelekea ule msumari.